Njaa inapokaa kimya: Siri ya msosi kwa mastaa wa soka la wanawake

MAZOEZI ya asubuhi yameisha. Jua la Dar es Salaam limeshapanda, jezi zimelowa jasho na sahani za wali maharage zimepangwa mezani. Kiungo aliyekimbia kuliko wenzake wote anakaa, anakula vijiko vitano, anasukuma sahani pembeni na kuomba soda ya baridi. Ukimuuliza, atakuambia ameshiba.

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na kambi ya timu ya wanawake anaijua picha hiyo. Na mchezaji huyo hadanganyi, kweli hasikii njaa. Kinachomdanganya ni mwili wake mwenyewe.

Kwenye soka la wanaume, ishu ya msosi huishia kwenye swali la nani kala chipsi usiku wa kuamkia mechi. Kwa wanawake mambo yana kona nyingi zaidi. Njaa yao na shibe yao vinaongozwa na homoni zinazopanda na kushuka kila mwezi, halafu yanakuja mazoezi makali ambayo huizima njaa kabisa kwa muda. Mchezaji anayekula kwa kusikiliza tumbo peke yake anaweza kucheza msimu mzima akiwa na upungufu wa chakula bila yeye, kocha wala shabiki kujua.

Gharama yake huja baadaye. Pumzi inakata dakika ya 60, majeraha hayaishi, hedhi inapotea na mifupa inaanza kupata nyufa.

WAPIGA FILIMBI WA NJAA
Kwa miaka mingi watu waliamini njaa ni suala la tumbo tupu na shibe ni tumbo lililojaa. Mwaka 1994, mwanasayansi Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni ya leptini. Hii inatengenezwa na mafuta ya mwilini na kazi yake ni kupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba akiba ipo, hakuna haja ya kuhangaika.

Miaka mitano baadaye, 1999, Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakaitambulisha homoni nyingine, grelini. Hii hutoka zaidi tumboni na hufanya kazi kinyume cha leptini. Inapanda kabla ya kula, inapiga filimbi ya njaa, kisha inashuka ukishapata msosi.

Hazipo peke yake. Utumbo nao una homoni zake za shibe, zinazotoka chakula kinapoingia na kuuambia ubongo kwamba sasa inatosha. Kwa hiyo kila unaposema una njaa au umeshiba, ujue kuna waamuzi kadhaa wameshajadiliana huko ndani.

Sasa hapo ndipo tofauti ya mwanamke na mwanamume inapoingia.

MEZA MOJA, MIILI MIWILI
Mkalishe straika wa kiume na straika wa kike kwenye meza moja. Hata wakiwa na uzito sawa, kwa kawaida mwanamke atakuwa na leptini nyingi zaidi, mara mbili au hata kuzidi. Sababu kubwa ni kwamba mwili wa mwanamke kwa asili hubeba mafuta mengi zaidi, na mafuta ndiyo kiwanda cha leptini.

Mwanamume ana testosteroni nyingi, ambayo hujenga misuli mikubwa, na misuli hiyo inachoma nguvu nyingi hata akiwa amelala. Ndiyo maana ukimuona beki wa kati anamaliza mlima wa ugali na kuomba kuongezewa, usimshangae.

Kuna jambo lingine ambalo wapishi wengi wa kambi hawalijui. Kwa wastani tumbo la mwanamke huchukua muda mrefu zaidi kupitisha chakula kwenda kwenye utumbo kuliko la mwanamume, hivyo chakula kilekile kinakaa zaidi na shibe inadumu zaidi. Ukimpa mlo mkubwa mmoja wa mchana na mwingine wa usiku kama wanavyofanyiwa wanaume, kuna uwezekano ule wa pili ukamkuta bado hana hamu.

Hizi ni hesabu za wastani. Wapo wanawake wanaokula kuliko mabeki na wapo wanaume wanaodokoa kama kuku. Lakini ukipanga ratiba ya chakula cha timu nzima, wastani una maana.

MWEZI MMOJA, NJAA TOFAUTI
Mzunguko wa hedhi kwa wastani ni siku 28, ingawa wa kuanzia siku 21 hadi 35 nao huhesabiwa kuwa wa kawaida. Ndani ya siku hizo njaa haikai sehemu moja.

Baada ya hedhi kuanza, homoni ya estrojeni inapanda taratibu hadi kufikia kilele siku chache kabla yai halijatoka. Estrojeni ni adui wa njaa. Inazipa nguvu ishara za shibe, kwa hiyo mwanamke anaridhika na chakula kidogo. Kipindi hicho cha kuelekea katikati ya mzunguko ndicho wanawake wengi hula kidogo kuliko siku nyingine.

Yai likishatoka, projesteroni inachukua usukani. Joto la mwili linapanda kidogo, mwili unachoma nguvu zaidi kidogo ukiwa umetulia, na hamu ya kula inarudi. Hapo ndipo mchezaji anaanza kutafuta chokoleti, chipsi na vitu vitamu. Wengi hujilaumu, wakidhani wamekosa nidhamu.

Ukweli ni kwamba ongezeko lenyewe ni dogo. Tafiti kwa ujumla zinaonyesha kuwa katika nusu hiyo ya pili mwanamke hula zaidi kwa wastani wa kalori ambazo hazifiki 200 kwa siku. Hiyo ni kama chapati moja. Hakuna mchezaji anayeharibiwa na chapati moja.

Hatari iko upande wa pili. Fikiria timu iko kwenye wiki ngumu ya mazoezi, na wiki hiyo imeangukia siku ambazo estrojeni ya mchezaji iko juu. Mwili unatumia nguvu nyingi, filimbi ya njaa inapigwa kwa sauti ndogo. Mwenyewe anajisikia freshi na mwepesi, kumbe anakula nusu ya anachohitaji.

MAZOEZI YANAPOZIMA NJAA
Hapa kuna jambo ambalo linawashangaza wengi. Watu wanadhani ukikimbia sana utarudi na njaa kali. Kwa mazoezi makali, mara nyingi inakuwa kinyume. Grelini inashuka, homoni za shibe zinapanda, na kwa muda fulani baada ya mazoezi mtu hataki hata kuona chakula. Weka juu yake joto la pwani, ambalo nalo hupunguza hamu ya kula, utaelewa kwa nini yule kiungo aliomba soda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilipima jambo hili kwa wanaume na wanawake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Walitengeneza upungufu wa nguvu mwilini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupunguza chakula, na ya pili ni kukimbia. Chakula kilipopunguzwa, njaa ilipanda, grelini ikaongezeka na wahusika wakala zaidi walipopewa nafasi. Nguvu zilipopungua kwa kukimbia, mwili haukudai malipo siku hiyo.

Na katika hilo, wanawake na wanaume walifanana. Kwa maneno mengine, mwili unajua kulalamika ukinyimwa chakula, lakini ukitumikishwa uwanjani unaweza kunyamaza. Mwanaume naye yumo kwenye mtego huo, ila mwanamke anauingia akiwa na mzunguko unaobadilisha njaa yake kila wiki, na mwili wake una cha kupoteza haraka zaidi.

HESABU YA SAHANI
Tuchukue mfano wa winga mwenye kilo 58. Ukitoa mafuta ya mwilini, tuseme anabaki na kilo 46 za misuli, mifupa, maji na viungo vingine. Wataalamu wanataka mwili wake ubakiwe na kalori 45 kwa kila kilo ya hizo 46, baada ya kuondoa zilizochomwa mazoezini. Hiyo ni 2,070. Kama mazoezi ya siku hiyo yamechoma 600, anatakiwa kula kalori 2,670.

Mstari wa hatari uko kwenye kalori 30 kwa kilo. Kwa winga wetu ni 1,380, ukijumlisha 600 za mazoezi inakuwa 1,980. Akila chini ya hapo, mwili unaanza kubana matumizi.

Mstari huo haukuchorwa kwa kubahatisha. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani Anne Loucks na Jean Thuma walionyesha kuwa wanawake vijana wenye afya, wakishushwa chini ya kalori 30 kwa kilo kwa siku tano tu, homoni inayoendesha mzunguko wao inaanza kuvurugika. Siku tano! Huo ni muda mfupi kuliko wa kutoka mechi ya wikiendi moja hadi nyingine.

Kwa upande wa wanga, kikundi cha wataalamu wa lishe wa UEFA kinashauri gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ya kabla ya mechi, siku ya mechi na siku inayofuata. Kwa winga wetu kiwango cha chini ni gramu 348. Angekuwa anazitoa kwenye wali mtupu, angehitaji kama kilo moja na robo ya wali uliopikwa kwa siku. Vijiko vitano havifiki popote.

HEDHI IKIPOTEA, KIBENDERA KIMEPANDA
Mwili ukikosa nguvu za kutosha, unachagua nini kiendelee na nini kisimame. Moyo na ubongo havisimami. Leptini inashuka, ubongo unapata taarifa kwamba akiba imekata, na kitu cha kwanza kufungiwa mlango ni uzazi. Hedhi inakuwa ya kuruka ruka, kisha inakata kabisa.

Kwenye michezo kuna wanaoishangilia hali hiyo. Kuna wachezaji wanaoona ni ahueni, na kuna makocha wanaoamini ni dalili kwamba binti ameiva kwa mazoezi. Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Hedhi iliyopotea kwa miezi mitatu mfululizo kwa msichana ambaye si mjamzito ni kibendera cha mwamuzi msaidizi kilichopanda juu. Mchezo usimame, aende kwa daktari.

Sababu ni hii. Hedhi ikikata kwa njaa, estrojeni nayo inashuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Mfupa unaanza kuwa mwepesi, na mchezaji anayekimbia na kuruka kila siku anapata nyufa ndogo za mguu au unyayo. Anakaa nje wiki kadhaa, anarudi, anaumia tena, watu wanasema ana gundu.

Kwa mabinti wadogo ni kubaya zaidi. Sehemu kubwa ya mifupa ambayo mwanamke ataitegemea maisha yake yote hujengwa kabla hajamaliza ujana. Wale Serengeti Girls walioifikisha Tanzania robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 nchini India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Canada, walikuwa kwenye umri huohuo wa kujenga mifupa. Kila kizazi kinachofuata nyuma yao kitakuwa kwenye umri huo pia.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, ikiifupisha RED-S, na ikasisitiza kuwa inawapata wanaume pia. Tofauti ni kwamba mwanaume hana ishara ya kila mwezi ya kumuonya. Mwanamke anayo, lakini haisaidii kama hakuna anayeitazama.

MAREKANI NA CHELSEA WALISHTUKA
Timu ya taifa ya wanawake ya Marekani iliitazama. Kuelekea Kombe la Dunia 2019 nchini Ufaransa, mtaalamu wao wa utimamu wa mwili, Mwingereza Dawn Scott, alifuatilia mizunguko ya wachezaji, na kila mmoja akapata ushauri wa chakula, maji na usingizi kulingana na siku alizopo. Marekani ilibeba ndoo kwa kuichapa Uholanzi 2-0 jijini Lyon, kwa mabao ya Megan Rapinoe na Rose Lavelle.

Hakuna anayesema kombe lilitokana na kalenda ya hedhi. Timu ile ilikuwa imesheheni vipaji. Lakini ilionyesha kwamba jambo lililokuwa la aibu linaweza kukaa kwenye mipango ya benchi la ufundi kama mpira wa kona.

Mwaka 2020 Chelsea, chini ya kocha Emma Hayes, ikaanza kupanga mazoezi ya wachezaji wake kwa kuzingatia mizunguko yao kupitia programu ya simu. Hayes baadaye alihamia Marekani na kutwaa dhahabu ya Olimpiki Paris 2024. Na mwaka 2023 England ikaachana na bukta nyeupe baada ya wachezaji kueleza wasiwasi wao wa kuzivaa siku za hedhi. Milango imefunguka.

MASHABIKI NA ULE WIMBO WA KITAMBI
Kuna upande wa hadithi hii ambao hauko jikoni wala kwa daktari. Uko jukwaani.

Straika akikosa bao la wazi, kelele ya kwanza kwa mwanaume ni kwamba hajui kufunga. Kwa mwanamke, mara nyingi inakuwa kanenepa. Picha yake inawekwa mtandaoni, mwili unachambuliwa kuliko mguso wake wa kwanza, na ushauri wa apunguze mwili unamiminika kutoka kwa watu wasiojua hata anakula nini.

Binti wa miaka 19 akisoma hayo usiku, kesho yake anafanya nini? Anaacha ugali. Anaruka chakula cha usiku. Na kwa sababu mazoezi yanamzimia njaa, anaona ni rahisi tu. Kilo mbili zinapungua, watu wanamsifia amekuwa mwepesi, na miezi michache baadaye yuko kwenye magongo. Waliomsifia hawatakumbuka walianzia wapi.

Uzito peke yake hausemi mchezaji yuko fiti au la. Misuli ina uzito, na siku za kabla ya hedhi mwili wa mwanamke unaweza kushika maji na kuongeza namba kwenye mizani bila gramu moja ya mafuta. Kocha anayepima wachezaji kila Jumatatu mbele ya wenzao anapima kitu asichokielewa.

KWA KLABU ZETU
Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania imekua. Simba Queens ilimaliza ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika 2022 kule Morocco, na Twiga Stars ilikwenda kwenye WAFCON iliyochezwa Morocco mwaka 2025. Mechi ni ngumu zaidi, safari za basi ni ndefu na mazoezi ni makali kuliko zamani. Sahani nayo inapaswa kukua.

Habari njema ni kwamba mengi hayahitaji mamilioni. La kwanza ni kula kwa saa badala ya kula kwa njaa. Mazoezi yakiisha, mchezaji apate kitu ndani ya muda mfupi, awe na hamu au asiwe nayo. Kama chakula kigumu hakipiti, kinywaji kinapita. Uji mzito wa mtama wenye karanga, maziwa, mtindi au juisi ya parachichi vinaingia hata kwa aliyechoka, na mlo wenyewe unafuata baadaye.

La pili ni kugawa milo. Badala ya milima miwili ya wali, ziwe sahani tatu za wastani na vitafunwa katikati, kama ndizi, viazi vitamu, mayai au chapati. Tumbo linalopitisha chakula taratibu linapenda utaratibu huo. Kwenye safari ndefu vitu hivi vibebwe ndani ya basi, maana dereva akichelewa kusimama, mwili hausubiri.

La tatu ni daftari. Mchezaji aandike mwenyewe siku hedhi inapoanza, alivyolala, alivyokula na alivyojisikia. Baada ya miezi mitatu ataijua njaa yake kuliko mtu yeyote. Anayetumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango ajue pia kwamba mzunguko wake hausomeki kwa namna hiyohiyo, hivyo azungumze na mtaalamu wa afya.

Na daftari hilo ni mali yake. Haliwezi kuwa la kusomwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, wala silaha ya kocha kumuweka mtu benchi. Makocha wengi wa timu zetu ni wanaume, na binti hawezi kulazimishwa kumweleza mwanaume mambo ya mwili wake. Klabu ikiwa na daktari, nesi au hata meneja mwanamke anayeaminika, mazungumzo yanaanzia hapo. Kocha anachohitaji kujua ni kimoja tu, kwamba mchezaji yuko salama kufanya mazoezi au la.

Turudi kwa yule kiungo aliyesukuma sahani. Hana haja ya kukaripiwa wala kulishwa kwa nguvu. Anahitaji kikombe cha uji mkononi, mtu wa kumkumbusha arudi mezani baada ya saa moja, na mashabiki watakaomhukumu kwa pasi zake.